Mwalimu, Mbona Mkuyu Hauna Maua?

Wiki ya tatu ya TP nilimdanganya mwanafunzi. Sikukusudia, ila ndivyo ilivyokuwa, na kwa kuwa wengi wetu tunaosoma ualimu tutarudi tena kwenye mazoezi ya kufundisha, naona bora niseme mapema ili mwenzangu asirudie.

Shule niliyopangiwa iko nje kidogo ya mji wa Singida, kwenye yale mawe makubwa ya matale yaliyobebana utadhani kuna mtu aliyapanga. Ilikuwa Julai. Alizeti zimeshavunwa, nyasi zimekauka, na upepo wa Singida unavuma asubuhi hadi jioni, wa baridi kweli kweli. Nilikuwa nafundisha kidato cha tatu uzazi wa mimea inayotoa maua. Ua la kukata na kuwaonyesha sikulipata, kila kitu kilikuwa kikavu. Basi nikachora ubaoni ua la kwenye kitabu, petali hapa, stameni pale, mishale imenyooka. Nikauliza kama kuna swali.

Binti mmoja aliyekaa dirishani akanyoosha mkono. Somo ni la Kiingereza, lakini swali lilikuja kwa Kiswahili: "Mwalimu, mbona ule mkuyu wa korongoni hatujawahi kuuona una maua, na makuyu yapo?"

Darasa zima likageuka kuangalia dirishani. Zilikuwa zimebaki dakika tano. Nikajibu kwa sauti ya mtu mwenye uhakika kwamba ipo mimea isiyotoa maua, na mkuyu ni mmojawapo. Binti akasema, "Asante mwalimu," akaandika kwenye daftari. Yaani akaliandika kabisa.

Usiku nikaunga bando nikaanza kusoma. Kufika saa tano nilikuwa nimeshajua kwamba mkuyu una maua, tena mamia kwa mamia, na kwamba mimi mwenyewe nimeyala tangu utotoni. Jumatatu nikarudi darasani, nikawaambia wote wakate ile sentensi. Binti aliikata kwa rula, mistari miwili. Jumamosi iliyofuata tukachukua simu, kisu na madaftari, tukaenda kwenye miti yenyewe. Haya hapa ndiyo tuliyoyaona.

Maua yako ndani

Chukua kuyu bichi, lile gumu la kijani, ulikate kutoka kwenye kikonyo hadi upande wa pili. Utaona ukuta mnene, na katikati pana uwazi. Ukuta huo kwa ndani umejaa vitu vidogo sana, vimesimama vikitazamana. Kila kimoja ni ua.

Namna rahisi ya kulielewa hilo ni alizeti, na Singida hakuna asiyeijua alizeti. Kile kichwa chake kipana ni kama sahani iliyopangwa maua madogo mamia, na kila punje unayoikamua mafuta ilitoka kwenye ua lake. Sasa ikunje ile sahani hadi kingo zikutane juu, maua yabaki ndani. Hapo umepata kuyu. Tunachokiita tunda ni mfuko wa maua uliofungwa, ukakomaa na maua yake tumboni.

Upande unaotazamana na kikonyo kuna kitundu kidogo kilichozibwa na magamba yaliyopandana. Huo ndio mlango. Maua ya kike yameshika sehemu kubwa ya ukuta, ya kiume yako karibu na mlango. Hapo ndipo swali gumu linapokuja: kama maua yamefungiwa, upepo hauingii na nyuki hapiti, chavua inafikaje?

Mgeni anayekatwa mabawa mlangoni

Anayeifikisha ni nyigu, lakini ondoa kichwani yule nyigu wa darini anayetutimua hosteli. Huyu ni mdogo kiasi kwamba hazidi punje ya ufuta. Mkuyu, ambao kitaalamu ni Ficus sycomorus, una nyigu wake anayeitwa Ceratosolen arabicus. Jike anafika akiwa amebeba chavua kutoka kwenye kuyu alimozaliwa, anajipenyeza kati ya yale magamba, na njia ni nyembamba hadi mara nyingi mabawa yake yanakatikia mlangoni. Ndani anafanya kazi mbili: anapaka chavua kwenye maua ya kike na anataga mayai kwenye baadhi yake. Kisha anafia humohumo.

Ua lililopata yai linavimba na kumlea funza wa nyigu. Ua lililopata chavua bila yai linatoa mbegu. Kwa hiyo kuyu moja linalea mbegu za mti na watoto wa nyigu kwa pamoja, kama nyumba moja yenye wapangaji wawili. Baada ya wiki kadhaa madume wanatoka kwanza kwenye vivimbe vyao. Hawana mabawa. Wanapandana na majike, wanatoboa ukuta wa kuyu kufungua njia, na maisha yao yanaishia hapo. Majike wanakusanya chavua kwenye maua ya kiume, ambayo wakati huo ndiyo yamekomaa, wanapita kwenye tundu lililotobolewa na kuruka kwenda kutafuta makuyu machanga. Wana siku moja au mbili tu za kuishi, na mkuyu unaofaa unaweza kuwa mbali.

Ndiyo maana mikuyu ya eneo moja haizai yote kwa wakati mmoja. Huu una makuyu machanga, ule yameiva, mwingine umepumzika. Yote ikizaa wiki moja na kupumzika pamoja, nyigu watakosa pa kwenda, na msimu unaofuata hakuna wa kuchavusha. Faida ya mpangilio huo wanaipata ndege, popo, tumbili na watoto wa shule, kwa sababu hata kiangazi kikali, miti mingine ikiwa mitupu, hakosekani mkuyu mmoja wenye chakula.

Kuna na mjanja humo ndani. Nyigu mwingine, Ceratosolen galili, anaingia kwa mlango uleule, anataga mayai yake, na hachavushi. Kwenye kila kazi ya kikundi hapa chuoni yupo mmoja wa namna hiyo, mnamjua.

Kwa hiyo tunakula wadudu?

Hilo lilikuwa swali la kwanza la wanafunzi wangu, na nadhani ni la kwako pia. Kuyu likiiva na kuwa laini, majike wengi wameshaondoka. Wanaobaki ni madume waliokufa, pamoja na wapita njia kama sisimizi wanaoingia kwenye tundu baadaye kufuata utamu.

Watoto wa pale kijijini wana utaratibu wao ambao hakuna aliyewasomea kitabuni. Wanalipasua kuyu, wanalipuliza kwa nguvu, wanaligonga kidogo kwenye kiganja, ndiyo wanakula. Nilipomaliza kueleza habari za nyigu, mvulana mmoja akasema, "Kumbe tunaowapuliza ndio hao!" Alikuwa amewaona miaka yote. Jina ndilo lililokosekana.

Namna tulivyopiga picha

Simu yangu ni ya kawaida, kioo kimepasuka kona. Inatosha. Ukitaka picha itakayokusaidia kutofautisha mti mmoja na mwingine, piga tano kwa kila mti.

Ya kwanza ni mti mzima, na mtu amesimama pembeni ili ukubwa uonekane. Ya pili ni gome, kwa karibu. Ya tatu ni jani, juu na chini. Ya nne ni pale tunda lilipoota, na hii usiikose hata kidogo: je, limeota kwenye shina na matawi manene, au kwenye kikwapa cha jani? Ya tano ni tunda lililokatwa katikati, na sarafu ya shilingi 200 pembeni yake kama kipimo.

Upepo ulitusumbua kuliko kitu kingine. Majani hayatulii, picha zinatoka na ukungu. Dawa yake ilikuwa kwenda asubuhi kabla upepo haujachangamka, mmoja ashike tawi, wawili wakinge kwa madaftari. Jua la mchana nalo linaharibu, tunda lililokatwa linaonekana jeupe tupu, hivyo tulikuwa tunapigia kivulini. Kwa maua yenyewe tuliazima lenzi ya kukuzia kwenye kabati la maabara tukaishikilia mbele ya kamera. Na ukishakata piga haraka, maana utomvu mweupe unamwagika na kufunika kila kitu, kisha sehemu iliyokatwa inaanza kuwa kahawia.

Namna tulivyoonja

Tahadhari kwanza. Matunda ya porini hayaonjwi kwa kubahatisha. Sheria yetu ilikuwa kwamba hatuli kitu ambacho mlinzi wa shule, mzee tuliyemwita babu, hajakila mbele yetu. Huyo ndiye alikuwa TBS yetu. Tunda liwe limeiva, na utomvu usiuache kwenye ngozi kisha ukakaa juani, unaweza kuwasha na kuunguza.

Mti wa kwanza ni mkuyu wenyewe, ule wa korongoni. Gome lake ni la manjano iliyofifia na linabanduka kama karatasi. Jani ukilipitisha kidole linakwaruza kama msasa. Makuyu yanaota kwa makundi kwenye shina na matawi manene, ngozi yake kama ya mahameli, na yakiiva yanageuka manjano hadi wekundu. Ladha yake ni tamu ya upole, yenye maji, na mbegu zinalia kidogo kwenye meno. Ukiliwahi kabla halijaiva vizuri, midomo inanata na ulimi unakauka. Tulionja ya mikuyu miwili: wa bondeni ulikuwa na makuyu makubwa yaliyopoa ladha, wa juu una madogo lakini matamu zaidi. Wanafunzi hawakushangaa. Kila mtoto pale ana mkuyu wake anaousifia, na ubishi wake ni wa Simba na Yanga.

Mti wa pili umeota juu ya jiwe tupu nyuma ya uwanja wa mpira, mizizi imelikumbatia jiwe na kuingia kwenye ufa. Kwa picha zetu tuliutambua kama Ficus glumosa. Majani yana vinyweleo, na matunda, ambayo hayazidi sana ukubwa wa njegere, yanakaa mawilimawili kwenye vikwapa vya majani. Ladha? Makavu, mbegu nyingi, utamu kidogo unaokuja mwishoni ukiwa umeshakata tamaa. Babu alitafuna mawili akacheka, "Haya ni ya ndege, mimi nawasaidia tu."

Mti wa tatu ulikuwa kwenye uzio wa zamani wa zizi, majani laini yanayong'aa, mizizi mingine inaning'inia kutoka matawini. Huu ni wa kundi la Ficus thonningii, ambao ukikata tawi na kulisimika ardhini linachipua, ndiyo maana watu wanautumia kwa uzio. Ndugu zake wa karibu wana heshima kubwa kwa majirani zetu: Kenya kuna mugumo, mti mtakatifu wa Wagikuyu, na Uganda kuna mutuba, ambao magome yake yanapondwa kutengeneza nguo ya Wabaganda iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Sifa zote hizo, lakini mdomoni tunda lake ni kama kutafuna makapi.

Sampuli ya nne niliinunua mwenyewe kwa hela ya bumu: pakiti ya tini kavu, zile zinazojaa madukani Ramadhani ikikaribia. Hizo ni za mtini, Ficus carica, na nchi inayoongoza kwa kuzizalisha duniani ni Uturuki. Zilikuwa tamu kama asali iliyoganda. Nilitegemea zishinde kirahisi, lakini hazikushinda. Mmoja akasema mbili tu zinatosha, za tatu unatafuta maji, wakati makuyu unakaa juu ya mti unakula hadi unasahau kuchota maji uliyotumwa.

Picha zilitufundisha kitu ambacho ulimi peke yake usingetufundisha. Kabla ya hapo miti yote mitatu tuliiita mkuyu. Babu yeye alikuwa na jina la kila mmoja kwa Kinyaturu, na alitushangaa sisi wasomi tunavyovichanganya vitu ambavyo havifanani hata kidogo.

Mkuyu ukimkosa nyigu wake

Mkuyu ni mti wa Afrika. Maelfu ya miaka iliyopita ulifikishwa Misri, ukapendwa sana, hadi mbao zake zikachongwa majeneza na matunda yake yakawekwa makaburini. Ila nyigu anayeuchavusha hayuko kule. Kwa hiyo mikuyu ya Misri haitoi mbegu, watu wanapanda vipande vya matawi, na ili matunda yaive walizoea kuyachanja moja moja kwa kisu. Kidonda kile kinalisukuma tunda liive ndani ya siku chache. Wanaosoma Biblia watamkumbuka nabii Amosi aliyejitambulisha kuwa mtunza mikuyu. Wachambuzi wengi wanasema kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya kuchanja. Na mti aliopanda Zakayo kule Yeriko ni mkuyu huuhuu. Tini iliyoapiwa kwenye sura ya 95 ya Kurani, At-Tin, ndiyo ile ya pakiti yangu.

Tini nayo ina kisa chake. Wakulima wa California walipanda miche ya aina ya Smyrna kutoka Uturuki mwishoni mwa karne ya 19. Miti ikastawi vizuri, lakini matunda yakawa yanaanguka kabla ya kuiva. Yalianza kuiva baada ya nyigu wake kuletwa na kuzoea mazingira mwaka 1899. Tini nyingine nyingi za kisasa ni za aina zinazoiva bila nyigu. Mkuyu wetu hauhitaji kuletewa mtu. Unachohitaji ni kwamba mikuyu mingine isiwe mbali mno.

Tofali au mti

Agosti kamati ya shule ilikaa kuzungumzia kuni za kuchoma matofali ya darasa jipya. Kidato cha kwanza walikuwa wamebanana wanne wanne kwenye dawati. Mtu akautaja mkuyu wa korongoni: mkubwa, uko jirani, hauna mwenyewe.

Niliomba dakika tano. Nilikuwa nimechapisha picha sita mjini, nikaeleza maua, nyigu, ndege wa kiangazi, kila kitu. Walinisikiliza kwa heshima. Nilipokaa, mama mmoja akasema taratibu, "Mwalimu, asante. Lakini wanetu hawana darasa, na wewe unatuambia habari za wadudu." Sikuwa na jibu. Hata sasa naona alikuwa na haki ya kuuliza.

Aliyenyanyuka baada yangu ni babu mlinzi. Yeye hakutaja nyigu. Alisema mkuyu hausimami mahali maji yalipo mbali, na akawakumbusha miaka ambayo bomba lilikauka, wakawa wanachimba mchanga palepale chini ya mkuyu kupata ndoo ya maji. Kina mama wakaanza kuitikia, maana wachotaji walikuwa wao. Fundi naye akaongeza kwamba mti wenyewe ni mlaini, unawaka kama makaratasi, hautaivisha tanuru. Wakakubaliana kila kaya ilete kuni za miti iliyokufa.

Nilipoondoka mwishoni mwa Agosti mkuyu ulikuwa umesimama. Tanuru lilikuwa limepangwa lakini halijawashwa, kuni hazijatosha, na kidato cha kwanza bado wamebanana. Sikuokoa mti kwa picha zangu, tusidanganyane. Nilichojifunza ni kwamba nilikwenda pale na sababu nzuri za kitabuni, wakati sababu iliyowagusa watu ilikuwa kichwani kwa mzee ambaye nilikuwa napishana naye getini kila asubuhi, shikamoo, marahaba, basi. Ningemuuliza tangu wiki ya kwanza, hata lile swali la maua lisingenikuta mtupu.

Siku ya mwisho, wakati naaga, yule binti wa dirishani alikuja na daftari lake. Kwenye ukurasa ule wenye mistari miwili ya rula alikuwa amechora kuyu lililokatwa, maua yote ndani, na nyigu mmoja mlangoni. Akaniuliza, "Mwalimu, na fenesi je? Kila kipande kina mbegu yake. Na lenyewe si ni maua mengi?"

Safari hii sikukimbilia kujibu. Nikamwambia aandike swali, tukienda sokoni tutalikata tuone. Fenesi na mkuyu ni wa familia moja ya mimea, hilo nilishalisoma. Lakini nilitaka alione mwenyewe kwanza, kisu mkononi.